Unampima Kiingereza ili afanye nini?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya maafisa rasilimali watu na viongozi wa wafanyakazi. Ambao hamkufika mmeniomba niiweke yote, basi naiweka kama nilivyoongea, ila slaidi nimeziacha maana zilikuwa za kunisaidia mimi nisipotee njiani.

Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ndugu zangu wa HR mliokaa kule nyuma karibu na mlango (nawajua nyie, mmekaa hapo ili mtoke mapema), wafanyakazi wenzangu wote, habari za asubuhi. Asanteni kwa kunialika.

Nataka tuongelee imeili moja ambayo karibu kila mtu humu ndani ameshaipokea au ameshaituma. Inakuja Ijumaa jioni, watu wanazima kompyuta, wanakusanya mabegi, mara simu zinalia ting ting ting. Imeandikwa uongozi umeamua wafanyakazi wote wafanye mtihani wa Kiingereza kabla ya mwisho wa robo mwaka, ada kila mtu atajilipia, na matokeo yatawekwa kwenye faili la mtumishi. Basi, imeisha hapo. Haisemi kwa nini, haisemi maksi ngapi, haisemi ukifeli inakuwaje. Na kwa vile haisemi, watu wanajijazia wenyewe, mpaka Jumatatu asubuhi story imeshakuwa kampuni inapunguza watu na Kiingereza ni kisingizio tu.

Je, ni kisingizio? Wakati mwingine ndio, wakati mwingine sio. Mi nina swali moja la kutenganisha hayo mawili na leo nitalirudia mpaka mnichoke: huyu mtu unampima Kiingereza ili afanye nini?

Msinielewe vibaya, sijaja hapa kuupinga ung'eng'e. Kuna kazi ambazo Kiingereza kikikosekana watu wanakufa, na hapo sitii chumvi. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na New Delhi, ndege mbili ziligongana angani juu ya mji unaitwa Charkhi Dadri. Moja ya shirika la Saudia ilikuwa inapaa, nyingine ya Kazakhstan ilikuwa inashuka. Ya Kazakhstan iliambiwa ikae futi 15,000, ya Saudia ikae futi 14,000, yaani nafasi ilikuwepo, maelekezo yalikuwepo. Mawasiliano ya ile ndege ya Kazakhstan yalikuwa yanapita kwa mtu wa redio, kwa Kiingereza, halafu marubani ndio wanashika usukani. Ndege ikashuka kupita ile futi 15,000. Watu 349 walikuwa kwenye zile ndege mbili, hakupona hata mmoja, na kwenye uchunguzi suala la wale marubani na wenzao wa ndege ya Kazakhstan kutokielewa vizuri Kiingereza cha waongoza ndege likatajwa wazi.

Sasa angalieni watu wa anga walifanya nini baada ya ajali kama hizo, maana hapo ndipo penye somo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha viwango vya lugha mwaka 2003 na vikaanza kutumika 2008. Je, walisema kila anayefanya kazi kwenye shirika la ndege afanye mtihani? Hapana. Walimtaja rubani wa safari za kimataifa, wakamtaja muongoza ndege, wakamtaja mwendesha redio wa kituo cha anga. Mhasibu hayumo, anayepanga ratiba za likizo hayumo. Je, walisema wapimwe kila kitu? Hapana. Wanapimwa kuongea na kusikiliza tu, insha hakuna, kwa sababu rubani haandiki insha akiwa angani. Na hata kwenye kuongea wamechambua: matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, uelewa na namna ya kujibizana. Ngazi ni 1 mpaka 6, ya kufanyia kazi ni 4, na ukipata 5 kwenye matano halafu 3 kwenye moja, wewe ni 3, basi, hakuna kubebana. Wa ngazi ya 4 anashauriwa apimwe tena ndani ya miaka mitatu kwa sababu lugha isiyotumika inachuja.

Umeona hiyo? Ukiwauliza ICAO "mnampima ili afanye nini" wanakujibu palepale, bila kukohoa. Ili akiambiwa futi 15,000 akae futi 15,000, na siku injini ikizima aweze kulieleza tatizo ambalo halimo kwenye maneno ya kila siku ya redio. Na kitu kingine nawapendea, hawakumuacha mzawa wa Kiingereza apite kifua mbele. Miongozo yao inamwambia na yeye apunguze kasi, aache misemo ya kwao, ahakikishe mwenzake ameelewa. Mzigo umegawanywa.

Haya, tutoke angani turudi chini.

Kuna fundi mmoja, jina na kampuni naviacha, kazi yake ni mashine za kiwandani. Huyu bwana ukimkuta kazini anafungua kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, kinene kama tofali, anaenda moja kwa moja kwenye jedwali la hitilafu, anasoma namba ya hitilafu, anafuata hatua, mashine inawaka. Ripoti zake za mwisho wa zamu anaziandika kwa Kiingereza kilichokatwa katwa: pampu haina presha, sili imechoka, nimebadilisha, nimeijaribu saa nzima, haivuji. Hakuna kitenzi kilichokaa sawasawa humo, lakini fundi wa zamu inayofuata anaisoma na kujua hasa cha kufanya. Siku ya siku akapelekwa kwenye mtihani. Akaambiwa aandike insha kuhusu faida na hasara za utalii. Utalii! Alikaa pale dakika arobaini anaangalia karatasi. Akapata maksi za chini, jina lake likaingia kwenye orodha ya "wasiokidhi", na nafasi ya usupavaiza aliyokuwa anaisubiri akapewa kijana anayeongea Kimombo kama maji lakini mashine ikigoma anampigia huyohuyo fundi simu.

Nawauliza, pale alipimwa nini? Mtu amekuja kupimwa suruali, fundi cherehani akazungusha futi kichwani. Vipimo sahihi kabisa, ila suruali haitatoka.

Na hili jambo mahakama zimeshaliona zamani sana, sio mimi nimelianzisha leo. Marekani kulikuwa na kampuni ya umeme inaitwa Duke Power, kwenye mtambo wao wa North Carolina. Miaka yote wafanyakazi weusi walikuwa wanawekwa idara moja tu, ya vibarua, na anayelipwa zaidi kwenye idara ile alikuwa analipwa chini ya anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye idara zingine. Ikaja sheria ya haki za kiraia ya 1964, na sehemu inayokataza ubaguzi kazini ikaanza kutumika tarehe 2 Julai 1965. Mnajua siku hiyohiyo kampuni ilifanya nini? Iliweka mitihani. Anayetaka kuajiriwa kwenye idara nzuri awe na cheti cha sekondari na afaulu mitihani miwili ya jumla, ya akili na ya kuelewa mitambo. Kwa macho ni haki tupu, si wote wanafanya mtihani uleule? Ila wazungu waliokuwepo kazini kabla, wasio na cheti na wasiofanya mtihani wowote, walikuwa wanaendelea kuchapa kazi vizuri na kupandishwa vyeo. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya nchi, inajulikana kama Griggs dhidi ya Duke Power, na mwaka 1971 majaji wote walioisikiliza wakakubaliana kwamba mtihani lazima umpime mtu kwa ajili ya kazi yenyewe, usimpime mtu kwa ujumla jumla tu. Nia nzuri ya mwajiri haitoshi. Aonyeshe mtihani unahusiana vipi na kazi.

Najua mtu hapo anasema moyoni ule haukuwa mtihani wa Kiingereza. Kweli, haukuwa. Lakini tume yao ya usawa kazini, EEOC, kwenye miongozo yake kuhusu Kiingereza ilifuata njia hiyohiyo: unaweza kudai mtu awe fasaha kama ufasaha huo unahitajika kuifanya vizuri ile nafasi unayomuwekea sharti. Ile nafasi. Sio kampuni nzima, sio kila mwenye kitambulisho cha kampuni, ile nafasi.

Ufaransa nao wana yao, sheria ya 1994, kwamba nyaraka zinazomwekea mfanyakazi wajibu, au anazozihitaji ili afanye kazi yake, ziwe kwa Kifaransa. Kampuni moja ya vifaa vya hospitali, tawi la General Electric, ilipelekwa mahakamani na wawakilishi wa wafanyakazi kwa kuwapa watu nyaraka za Kiingereza, na 2006 mahakama ya rufaa ya Versailles ikaipiga zaidi ya euro 500,000. Hilo nalipitia tu, sina haja ya kulikalia, ila nyie mnaotuma ile imeili ya Ijumaa kuhusu mtihani wa Kiingereza mkaiandika kwa Kiingereza kigumu kumwambia mtu kwamba Kiingereza chake hakitoshi... haya, tuendelee.

Sasa niwape upande wa mwajiri, maana wapo humu na wao wana hoja. Kuna kampuni zinafanya biashara na nchi nyingi na kweli zinahitaji lugha moja ya kukutania. Rakuten ya Japani, wale wa biashara mtandaoni, ndio mfano unaosimuliwa sana. Mwaka 2010 mkuu wao Hiroshi Mikitani alisimama mbele ya wafanyakazi akatangaza, tena kwa Kiingereza, kwamba kuanzia hapo lugha ya kampuni ni Kiingereza. Kesho yake tu menyu za kantini zimeshabadilishwa, na vibao vya kwenye lifti pia. Watu walipewa miaka miwili wafikishe alama kwenye mtihani wa TOEIC, wasipofikisha wanaweza kushushwa vyeo au hata kufukuzwa. Bosi wa Honda wa wakati ule, Takanobu Ito, aliulizwa akasema waziwazi huo ni upuuzi, kampuni ya Japani, wafanyakazi Wajapani, mko Japani, mnaongea Kiingereza cha nini. (Miaka mitano baadaye Honda hiyohiyo ikatangaza kwamba mawasiliano kati ya matawi yake ya dunia yatakuwa kwa Kiingereza. Dunia hii.)

Lakini hiyo ndiyo sehemu inayojulikana. Ambayo hamsimuliwi ni hii. Mwanzoni Rakuten iliwaachia watu wajitegemee, jifunze mwenyewe, jilipie mwenyewe, muda utautafuta mwenyewe usiku watoto wakilala. Haikwenda. Watu walichoka, waliogopa, na walioachwa nyuma wakazidi kuachwa nyuma. Kampuni ikageuza mwendo, ikaanza kugharamia madarasa na kutoa muda wa kusoma, na mameneja wakaambiwa kufaulu kwa watu wao ni kazi yao pia. Hapo ndipo alama zikaanza kupanda, wastani uliokuwa mia tano na kitu mwaka 2010 ukavuka 800 baada ya kama miaka mitano. Kwa hiyo ukitaka kuiga Rakuten, iga yote. Usichukue kile kitisho ukaacha bili.

Na bili naomba niiseme polepole. Nani analipa ada ya mtihani? Nani analipa kozi? Siku ya mtihani ni siku ya kazi au mtu anakatwa likizo yake? Akirudia mara ya pili nani analipa? Vyeti vingi vya mitihani ya Kiingereza, kama IELTS, vinahesabiwa halali kwa miaka miwili, vikiisha nani analipa tena? Kama Kiingereza ni mahitaji ya kampuni, basi ni gharama ya kampuni, kama vile kofia ngumu na buti za usalama. Mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote ndio mara nyingi ana Kiingereza kidogo kuliko wote, halafu ndio huyo unamwambia ajilipie. Hivi mnaonaje hapo?

Turudi kwenye huo mtihani wa TOEIC kidogo kwa sababu unatumika sana na watu hawaujui. Ulianza Japani mwaka 1979, umetengenezwa na ETS, taasisi ya mitihani ya Marekani. Ule wa kawaida una maswali 200, mia ya kusikiliza na mia ya kusoma, saa mbili, unachagua jibu unaweka alama, maksi kuanzia 10 mpaka 990. Mmesikia vizuri? Kusikiliza na kusoma. Kuongea na kuandika ni mitihani mingine tofauti, ilikuja miaka mingi baadaye. Sasa mwajiri anakwambia wafanyakazi wangu wanashindwa kuongea na wateja kwenye simu, nitawapeleka mtihani, anawapeleka kwenye mtihani ambao mtu anaingia, anakaa saa mbili, anatoka, hajafungua mdomo hata mara moja! Halafu anashangaa huyu ana 800 mbona simu ikilia anaenda chooni.

Na zile maksi zenyewe msiziabudu. Watengenezaji wenyewe wanasema kila sehemu ina kosa la kipimo la kama alama 25. Yaani aliyepata 300 kwenye kusikiliza, uwezo wake halisi unaweza kuwa 280, unaweza kuwa 320, na akirudia wiki ijayo bila kusoma chochote maksi zitacheza. Sasa wewe umeweka mstari 600 kamili, wa 605 anapanda cheo, wa 595 anabaki. Kati ya hao wawili mtihani haujakuonyesha tofauti yoyote ya kweli, tofauti umeitengeneza wewe na rula yako. Aliye karibu na mstari mpe nafasi nyingine, muongeleshe, muone akiwa kazini.

Wauguzi walishalipitia hili. Uingereza baraza lao la uuguzi lilikuwa linadai wauguzi wa kutoka nje wapate 7 kwenye kila sehemu ya IELTS, kusoma, kuandika, kusikiliza, kuongea. Wauguzi wazuri wenye miaka wodini walikuwa wanakwama kwenye kuandika. 2017 baraza likakubali mtihani mwingine, OET, ambao umetengenezwa kwa watu wa afya: unaongea na mtu anayeigiza mgonjwa, unaandika barua ya kumhamishia mgonjwa kwa mwenzako. Mwaka uliofuata kwenye IELTS nako wakashusha maksi za kuandika mpaka 6.5. Hawakufuta mtihani, mgonjwa bado analindwa. Walijiuliza tu lile swali langu, la kufanya nini.

Kuna jambo sipendi kulisema lakini nitalisema. Mtihani ukishakuwa panga la kukatia watu, soko la udanganyifu linafunguka siku hiyohiyo. Uingereza tena, mwaka 2014, ilibainika kuna vituo mtihani wa TOEIC wa viza unafanywa na mtu mwingine badala ya mwenyewe. Uhuni mtupu. Lakini kilichofuata, maelfu kwa maelfu ya watu matokeo yao yalifutwa, viza zikafutwa, na kati yao walikuwemo waliofanya mtihani wao kihalali kabisa wakahangaika miaka mahakamani kujisafisha. Ilikuwa mambo ya viza, sio ya kazini, lakini kazini nako ukitundika maisha ya mtu kwenye namba moja, jiandae.

Basi ndugu zangu wa HR, kabla hujabonyeza kutuma, chukua nafasi moja moja. Mtu wa mapokezi anasikia nini kwa Kiingereza, anajibu nini, anaandika nini? Ukiandika hayo kwa lugha ya kawaida tu, unaweza kuyapeleka kwenye ile ngazi ya Ulaya ya kupima lugha, A1 ya anayeanza mpaka C2 ya bingwa, na utagundua huyu anahitaji B1 ya kuongea na kusoma kidogo tu, yule wa mikataba anahitaji C1 ya kusoma, na dereva wa foklifti hahitaji chochote ila alama za usalama azielewe, na hizo si uzichore tu! Halafu wengi hutawapeleka mtihani wowote. Utamkalisha mtu na supavaiza wake, mnampa simu ya mteja wa kuigiza, mnasikia. Ni rahisi zaidi na inakuambia zaidi.

Na mabosi muanze nyie. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kama mtihani ni wa wote basi wakurugenzi wafanye wiki ya kwanza na maksi zao zisomwe kwenye kikao. Naona kuna watu wanacheka upande ule na kuna watu hawacheki.

Kwa nyie wafanyakazi wenzangu, usiitikie tu imeili ile kwa kunung'unika kwenye magrupu. Iulize, kwa maandishi, kwa adabu: ni kazi yangu ipi inayohitaji hii, ni mtihani upi, maksi ngapi na kwa nini hizo, nani analipa, nina muda gani wa kujiandaa, nisipofikisha nini kinafuata, na matokeo yangu ataona nani. Hilo la mwisho watu wanalisahau halafu wanakuja kukuta maksi zao zimebandikwa ukutani karibu na mashine ya chai, majina kamili, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na mtu mzima mwenye wajukuu anapita pale kila siku kuchukua chai. Kiongozi wa chama ambaye kazini kwake orodha ya namna hiyo bado iko ukutani, naomba leo akirudi aende na HR wake waibandue, hiyo haihitaji kikao.

Mwenyekiti, nimemaliza, tupokee maswali.